Mtunzaji wa Wariara

Kipkemei alikutana na Wariara sokoni Nakuru, siku ambayo simu yake ilitumbukia kwenye debe la maziwa aliyoleta kutoka Njoro. Fundi wa simu alikuwa msichana wa gauni la kijani, kwenye kiti cha magurudumu, midomo imekolea rangi nyekundu.

"Boss, hii ni simu ama ni chai?"

"Weka sukari basi."

Mwaka huo wa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, watu walisoma kabila kwenye jina lako kabla ya kukutazama uso, na majina haya mawili hayakutarajiwa pamoja. Wao hawakujali. Mamake Wariara alipohamia Longonot, Kipkemei ndiye aliyefika kwake mtaani Free Area kila alfajiri kumwinua kitandani, kumweka kitini na kumvusha mtaro. Majirani walinong'ona mpaka wakachoka.

Kisha homa ya uti wa mgongo ikaingia mtaani. Chanjo ilikuwa haba, kwa hivyo wenye ulemavu na watunzaji wao wakatangulizwa. Kwenye hema la chanjo, muuguzi Eucabeth alimpitisha Wariara, akamzuia Kipkemei.

"Wewe ni nani wake?"

"Mtunzaji. Naitwa Kipkemei."

Eucabeth akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Mtunzaji ni mtu wa familia. Rudi kwa laini."

Kipkemei akashika kiti cha Wariara. "Ni bibi yangu."

Wariara aligeuza kiti. Miezi yote hiyo alikuwa akiyangoja maneno hayo, na sasa yametolewa ili mtu apite mlangoni. Akaondoka bila kudungwa sindano, amekasirika.

Jioni Kipkemei akampigia simu.

"Sweetie, nikiugua nani atakuinua?"

"Si ungemwambia hivyo? Huo ndio ukweli. Mbona udanganye?"

"Sikutaka tuaibike."

"Mimi sijawahi kuaibika na wewe, Kip. Na kesho usikuje."

Asubuhi Wariara alijikokota mwenyewe kutoka kitandani. Alianguka, akachubuka magoti, akalia, akapaka rangi ya midomo. Alipofika mtaroni, Kipkemei alikuwa amesimama ng'ambo, kofia mkononi.

"Umesema nisikuje kwako. Hapa ni barabarani."

"Nivushe. Lakini leo naongea mimi."

Walipofika, Wariara alisimamisha kiti katikati ya mlango wa hema, akafunga breki.

"Sista, leo nimeamka peke yangu. Ona magoti. Huyu akishikwa na homa, nitalala sakafuni hata kama nimedungwa."

"Ni masharti, si mimi."

"Masharti hayajawahi kuniinua kitandani. Sitoki hapa."

Nyuma yake mzee kipofu akagonga fimbo chini. "Anayenishika mkono ni mpangaji wangu. Naye mtamfukuza?" Laini nzima ikanung'unika, wala hakuna aliyesogea.

Eucabeth aliitazama laini. Kisha akamgeukia Kipkemei. "Wewe ni nani wake?"

"Mtunzaji wake," Kipkemei akajibu, safari hii kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Kipkemei."

"Kunja shati. Wote wawili, kujeni."

Nje, Wariara alijisugua bega. "Sasa lile neno la jana. Hapa hakuna mlango wa kupita. Uliza."

Kipkemei akapiga goti kwenye matope, mbele ya laini yote. "Wariara, utakuwa bibi yangu?"

"Nitakuwa. Na kesho ukuje mapema, magoti yananiuma."