Sufuria za Kikundi

Kijijini Mwabungo, msiba ukiingia, kwanza huulizwa sufuria. Zile kubwa za kikundi cha kina mama, Waislamu kwa Wakristo. Harusini zinatoka, matangani zinatoka. Dama, mmoja wao, amezisugua kwa mchanga mpaka mikono ikachubuka.

Basi mama mkwe wake akafariki. Jamaa wakaanza kuteremka kutoka Kinango, nao watakula nini? Dama akaenda kwa Hanifa, mtunza sufuria. Akarudi mikono mitupu. Ati watu wa nyika, kina Dama wa huko bara, haijulikani wanapika nini, sufuria zitanajisika.

Nyumbani alimkuta jirani yao, Mzee Mbwana, ananoa kisu. Kwa kina Dama, japo ni Wakristo, mbuzi wa shughuli huchinjwa na Mwislamu, ili pasiwe na mgeni wa kula kwa macho.

"Hanifa ni mbaguzi," Dama akasema. "Na nyinyi Wadigo nyote ndivyo mlivyo."

Mbwana akaweka kisu chini. "Mbaguzi ni nani, mwanangu?"

"Mtu mbaya."

"Wabaya wako wengi. Neno hilo limetoka kwa kubagua, yaani kutenga. Ukibagua dagaa, wazima huku, waliooza kule, hujakosa. Mbaguzi huwafanyia hivyo watu. Haangalii umetenda nini. Anaangalia dini yako, kabila lako, ulikotoka. Basi, ushakuwa kwa waliooza." Akamtazama. "Sasa mimi Mdigo umeniweka wapi?"

 Uso ulimuwaka Dama.

"Niwie radhi, ami," akasema. "Wewe hukunitenda kitu. Aliyenitenda ni yeye."

"Basi mwambie yeye, na alichotenda."

Akarudi kwa Hanifa. Safari hii hakutukana kabila la mtu.

"Mbuzi anachinjwa na Mbwana," akasema. "Na harusi ya mwanao pilau niliipika mimi, kwa sufuria hizi hizi. Ukala, ukaongeza. Siku ile sikuwa wa nyika?"

 Hanifa akachukua ufunguo wa chumba cha sufuria.

Sufuria zilifika, Hanifa mwenyewe kashika mkono mmoja wa ile kubwa. Kikao kilichofuata kina mama wakakubaliana: mwenye msiba haulizwi dini wala kwao.

Siku ile ya matanga Dama hakumchekea Hanifa. Hasira ilikuwa bado kifuani. Lakini sahani yake aliijaza, sawa na za wengine.