Maji ya Chuma Kwenye Chupa ya Curdin

Curdin alikuwa keshashuka ngazi, kamba ya kiatu kimoja bado haijafungwa, Seraina alipotoka jikoni na kipande cha mkate kilichopakwa siagi.

"Kula kwanza."

"Nitakula nikirudi."

"Alhamisi iliyopita hukula. Jumanne ile nyingine hukula."

"Tumbo likiwa zito sikimbii vizuri, Sera. Njia ina mlima."

Mlima wenyewe alikuwa ameupanda miaka yote akiwa na mikate mitatu tumboni na wa nne mkononi. Seraina alitaka kumwambia hivyo, lakini Curdin alishambusu kwenye paji la uso, haraka, kama karani anayegonga muhuri, akaingia kwenye uchochoro wa Ardez, kijiji chao cha mlimani, katikati ya zile nyumba za kuta nene zilizochorwa maua, samaki na majina ya watu waliokufa zamani. Zamani alikuwa akifika kwenye hodhi la maji anageuka, anapunga mkono. Jumanne hiyo hakugeuka. Seraina akabaki mlangoni na mkate wake, mwishowe akaula mwenyewe.

Harusi yao ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Kanisa limeshasafishwa, kengele zimeshaombwa.

Curdin alipewa kazi na halmashauri: kupima njia za mbio za wageni wa kiangazi. Ardez hadi Guarda kwa kupitia Bos-cha, Ardez hadi Ftan, Ftan hadi mji mdogo wa Scuol. Kila njia ilitakiwa ikimbiwe mara tatu na mtu kwa miguu yake, kisha muda uandikwe kwenye vibao vya njano. Hesabu ilitakiwa ofisini kabla mwezi haujaisha.

Nyumbani kwa Seraina kulikuwa na amri moja tu. Baba yake, marehemu Jon, alitoka asubuhi kukimbia juu ya Ftan, akapatikana siku ya pili ameegemea jiwe, moyo umesimama. Tangu hapo, yeyote wa familia anayepanda mlimani huvaa saa inayoonyesha alipo, na wengine humwona kwenye simu, nukta ndogo ya buluu ikitambaa juu ya ramani. Saa ina laini yake yenyewe, haihitaji simu. Nukta ikisimama, mtu anaulizwa.

Na asubuhi ile, kama Jumanne na Alhamisi zote za wiki tatu, saa tatu na dakika chache, nukta ilisimama Bos-cha.

Seraina alikuwa dukani, anatoa mikate kwenye tanuri pamoja na binamu yake Ladina, msichana mwenye ulimi usiokaa kinywani. Ladina akachungulia simu juu ya bega lake.

"Anapumzika," Seraina alisema kabla hajaulizwa.

"Dakika ishirini na tatu? Huyo anapumzika au anahamia?"

Bos-cha ni nyumba chache tu na kanisa dogo. Nyumba ya mwisho alikuwa amepanga mwanamke kutoka Basel, Verena, mfumaji wa mazulia. Alikuja msimu wa majani kuanguka, peke yake, na vitanda vyake vya kufumia na nywele zake nyekundu, na watu walishamjadili hadi wakachoka. Ladina hakuchoka.

"Mwanaume aliyekuwa akifika Guarda nusu saa, sasa anatumia zaidi ya saa nzima. Anapima njia au anapima mtu?"

"Ameniambia anakimbia mwendo wa wageni. Muda ukiandikwa mfupi mno, wageni watajiua huko juu."

"Na wageni nao wanasimama kwa yule mfumaji?"

Seraina akapangusa unga mikononi, akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Nakaribia Guarda," Curdin alijibu. "Upepo mkali huku."

Hakukuwa na upepo. Kulikuwa na kimya cha ndani, kimya cha chumba kilichofungwa. Kisha sauti ya mwanamke, laini, karibu kabisa na simu:

"Haya, vua shati, ulale hapa."

Simu ikakatika. Ujumbe ukaingia baada ya dakika moja: *Mtandao mbaya huku. Nakupenda.*

Ladina alikuwa amesikia. Kwa mara ya kwanza tangu waanze kufanya kazi pamoja alikosa mzaha wa kusema, na hilo lilimwumiza Seraina kuliko mzaha wenyewe.

Curdin alirudi nyumbani saa tano, nywele zimelowa, uso mweupe. Akaeleza habari za theluji iliyobaki kwenye korongo na ng'ombe wa fulani waliovunja uzio. Alieleza mno. Seraina alimwitikia, akachukua chupa yake ya maji aioshe kama anavyoiosha siku zote, akaifungua.

Maji yalitoa mapovu. Chini ya chupa kulikuwa na tope jekundu la kutu.

Bonde zima linayajua maji hayo. Hodhi za Scuol zina mabomba mawili, moja la maji ya kawaida, jingine la maji ya chuma yanayowasha ulimi na kuacha rangi ya kutu kwenye jiwe. Ardez hayapo. Bos-cha hayapo, Guarda hayapo. Na Curdin alizaliwa Scuol. Mtu wa Scuol akipita kwenye hodhi la kwao mkono wake hujaza chupa wenyewe, na siku zote kwenye bomba la chuma. Maji mengine anayaona ni ya kuoshea miguu.

"Ulipita Scuol?" aliuliza bila kugeuka.

"Scuol nitapitaje? Si uliniona kwenye simu?"

"Nilikuona."

Akamwaga nusu ya maji. Nusu nyingine akaitia kwenye chupa ya jamu, akaifunga, akaificha nyuma ya unga. Saa ilisema Bos-cha na chupa ilisema Scuol. Alikuwa na mwanamke mmoja wa kumchukia. Sasa hakujua kama ni wawili.

Alimpigia mama yake, Mengia, kule Guarda. Alitegemea mama awake moto. Mengia hakuwahi kumsitiri mwanaume yeyote, hata marehemu mumewe. Lakini siku hiyo alikuwa mpole wa ajabu, na pumzi zilimpaa kama mtu aliyetoka kubeba magunia.

"Mwache amalize kazi yake, mwanangu. Huwezi kumfuata mtu kama mbuzi mwenye kengele."

"Mama, nimesikia sauti ya mwanamke. Anamwambia avue shati."

"Simu za siku hizi zinaingiliana," mama alisema.

Jumatano alipopanda Guarda kukunjiwa pindo la gauni la harusi, alimkuta mama ameloweka miguu kwenye beseni, plasta kwenye visigino vyote viwili. Alipouliza, Mengia alijibu kwamba ni bustani. Bustani ya Mengia ina ukubwa wa meza ya watu sita. Seraina aliona, asiwaze. Kichwa chake kilikuwa kimejaa nywele nyekundu.

"Mama, wewe unajua kitu."

"Najua kwamba umekonda na gauni litakupwaya. Simama wima."

Usiku ule Seraina alilala kwa kumpa Curdin mgongo. Sasa hata mama yake alikuwa upande wa pili.

Alhamisi, Curdin alitoka tena bila kula. Seraina, aliyekuwa amemwambia kwamba anakwenda dukani, akazunguka nyuma ya kanisa, akachukua baiskeli na kuisukuma njia ya juu hadi Bos-cha. Akajibanza nyuma ya rundo la kuni, pembeni ya nyumba ya Verena. Mkononi simu. Nukta ndiyo kwanza inatoka Ardez, polepole.

Alikuwa ameamua. Akimwona Curdin anaingia mlango ule, hatapiga kelele. Ataivua pete, ataiweka kwenye kizingiti, atashuka na baiskeli yake, na Jumamosi kengele zitakaa kimya.

Mlango ukafunguliwa. Verena akatoka na birika la kahawa, akaliweka kwenye benchi la nje, akamwona.

"Rundo hilo si imara," alisema. "Litakuangukia."

"Namngoja mchumba wangu."

"Hapa kwangu?"

"Wewe niambie. Jumanne na Alhamisi anasimama hapa. Nina ramani."

Verena hakukasirika, na hilo nalo lilimtia Seraina mashaka.

"Mchumba wako simjui hata sura. Namjua anayekaa kwenye benchi hili. Huja saa tatu na dakika tano, hunywa vikombe viwili, hula keki yangu ya njugu, hunisema kwamba siagi haitoshi. Ngoja hapo hapo ulipo."

Nukta ilikuwa mita mia mbili. Mia. Seraina akasikia hatua, nzito, zinazoburura kidogo, na mtu anayehema. Akavua pete, akaifumbata.

Kwenye kona akatokea mama yake.

Mengia, miaka hamsini na tisa, amevaa suruali ya marehemu mumewe iliyokunjwa miguuni, kofia ya sufu, uso mwekundu kama nyanya, saa ya Curdin imefungwa juu ya mkono wa sweta. Akajitupa kwenye benchi.

"Verena, mwanangu, nipe kahawa kabla sijafa."

Kisha akamwona binti yake nyuma ya kuni. Verena akajaza vikombe vitatu.

"Mama," Seraina alisema mwishowe, "umevaa suruali ya baba."

"Yangu inabana magoti."

"Curdin yuko wapi?"

Mengia akanywa kahawa yote kwanza.

"Yuko Scuol, kwa daktari. Mwezi uliopita nilimkuta kwenye hodhi letu amekaa, mkono kifuani, midomo ya buluu. Baba yako alikaa hivyo hivyo majira ya baridi mazima, akaniambia ni uchovu, na mimi nikakubali. Huyu nilimburura. Daktari akamkataza kukimbia hata hatua kumi. Lakini halmashauri wanataka njia zao, na wewe unatazama nukta yako. Basi kila anapotakiwa kwa daktari ananipa saa pale ghalani, chini ya ile ngome iliyobomoka, anapanda treni. Mimi nakimbia. Kiasi."

"Na yule mwanamke wa shati?"

"Atakuwa muuguzi. Wanambandika nyaya kifuani. Asubuhi hawamruhusu kula, wanamtoa damu."

Seraina akakaa kwenye benchi. Alikuwa amekuja na jambo moja la kuogopa na sasa ameshikwa na jingine, kubwa zaidi, ambalo sura yake aliijua tangu utotoni.

Walimngojea ghalani. Curdin alikuja kutoka kituo cha treni akitembea taratibu kama mzee, chupa mkononi. Alipomwona Seraina akasimama. Seraina akanyoosha mkono, akaichukua chupa, akaifungua, akainusa.

"Ukitaka kudanganya, Curdin, jifunze kunywa maji ya kawaida."

"Mama amekuambia?"

"Mama ameniambia ya mama. Sema yako."

"Ni kizibo cha moyo, wanakiita vali. Hakifungi. Wanataka kunipasua, mjini, mwezi ujao. Leo ndiyo wamekata shauri." Akalamba midomo. "Ningekuambia leo."

"Ungeniambia baada ya harusi."

Hakubisha.

"Siku ya kwanza uliponipeleka kwa baba yako makaburini, unakumbuka ulichosema?" Curdin aliuliza. "Ulisema, sitazika mkimbiaji mwingine. Nilihofu ukijua, utaondoka."

"Nilisema sitazika. Sikusema sitauguza."

Mengia akajifanya anasafisha viatu.

"Wiki tatu," Seraina aliendelea, sauti ikiwa chini, "nimelala pembeni yako nikihesabu wanawake. Nimeichukia nyumba ya mtu ambaye hajanikosea lolote. Nimevua pete hii leo asubuhi, tazama. Na wewe ulikuwa unaniona ninavyokonda, unaniambia upepo mkali. Baba alimficha mama, mama akamzika. Na wewe umenichagulia mimi hayo hayo, halafu ukamtumia mama huyo huyo."

"Nilikubali mwenyewe," Mengia alisema.

"Wewe zamu yako inakuja, mama."

Curdin alikuwa analia bila sauti. Aliuliza kama harusi ipo.

"Jumamosi haipo," Seraina alisema. "Nitamwambia mchungaji mwenyewe, na sababu nitaisema kama ilivyo. Utapasuliwa kwanza. Nitakaa nje ya mlango, nikijua uko ndani na wanakufanya nini, kila kitu. Ukitoka, uniambie ukweli mwezi mzima, hata ule usio na maana. Hata kama supu yangu mbaya. Halafu tutaongea habari za kanisa."

"Supu ya shayiri huwa inakosa chumvi," Curdin alisema.

Seraina akamtazama, akaitia pete mfukoni, si kidoleni, akamshika mkono. Wakapanda kijijini watatu, taratibu, Mengia akichechemea nyuma.

Curdin alipasuliwa Juni, kizibo kikarekebishwa. Seraina alikaa nje ya mlango saa sita. Walioana Oktoba, kanisa lile lile la Ardez, na baada ya ibada wakatembea kwa miguu hadi Guarda na wageni wote. Curdin hakimbii tena. Anatunza vibao vya njia na uzio. Supu ina chumvi.

Verena alialikwa, akaja na zulia dogo jekundu. Bado anaishi Bos-cha. Ladina hakumwomba radhi, lakini kila Jumanne humpandishia mkate na hakai chini ya saa moja.

Mengia magoti yalimsumbua hadi majira ya baridi. Suruali ya Jon ameirudisha kabatini.

Halmashauri waliipokea hesabu kama ilivyoletwa, na hakuna aliyewaambia kitu. Kibao cha njano pale hodhini Ardez kinasema mpaka sasa kwamba mkimbiaji hufika Guarda kwa saa moja na dakika kumi na nane, kahawa na keki zikiwa ndani ya muda huo. Kila kiangazi wageni hufika kwa nusu yake, hujipiga picha, hurudi mjini wakiamini kwamba wana mbio.