Diski ya Mvua

“Zaki, ile mashine yako ilikuwa imewashwa siku ile?”

Kwenye simu Nisreen alisikia pikipiki zikipita Mtaa wa Biashara, nje ya duka alikofanya kazi mumewe, akasikia mteja akiuliza bei ya kanzu.

“Siku gani?”

“Jumapili ile ya mvua. Uliiweka dirishani urekodi mvua. Ilikuwa imewashwa?”

“Haikuwa imewashwa,” Zaki alisema. “Betri ilikuwa imeisha. Nina wateja hapa, nitakupigia.”

Hakupiga. Nisreen alibaki nyuma ya kaunta ya duka la vitambaa pale Ngara, simu ingali mkononi, na mama aliyetaka mita tatu za satini akakatiwa nne. Siku kumi na moja alikuwa hivyo. Akikaa, anataka kusimama. Akisimama, anatafuta pa kwenda.

Jumapili ile waligombana. Mwenye duka, Madam Hannah, alikuwa anafungua tawi jipya mtaa wa Karen, na alimtaka Nisreen ndiye alisimamie. Zaki alipoambiwa Jumatano alifurahi, akasema wakati umefika watu waone kazi ya mke wake. Jumapili akaenda kumsalimia mama yake, Bi Shahida, na aliporudi alikuwa mtu mwingine. Karen ni mbali. Mwanamke arudi nyumbani baada ya Magharibi kila siku, watu waseme nini? Nisreen alimuuliza hayo maneno ni yake au ni ya mama yake, na hapo ndipo moto ulipowaka. Mvua nayo ilikuwa inapiga mabati ya jirani kama mtu anamwaga kokoto. Katikati ya kelele zile zote Nisreen akamsikia mumewe akisema, “Nimekuacha, Nisreen.”

Alichukua buibui na mkoba akatoka. Alifika kwa dada yake Mabruka, kule Kangemi, nguo zote zimelowa.

Kesho yake Zaki akaja, macho mekundu, akasema hakutamka neno lile. Alisema, “Nimechoka, Nisreen.” Nimechoka, si nimekuacha. Mvua ilikuwa kubwa, hasira zilikuwa nyingi, mtu anaweza kusikia kitu kingine. Bi Shahida akapiga simu kusema hivyo hivyo, kwa upole mwingi, akamwita mwanangu mara tatu. Siku ya tano hata Mabruka, aliyemlea tangu mama yao afariki, alianza kumuuliza kama ana hakika. Usiombe kuulizwa kama una hakika siku tano mfululizo. Nisreen alikuwa akijifungia bafuni, anafungua maji, anayatamka maneno yale mawili kwa sauti ya chini, moja baada ya jingine, mpaka yanafanana.

Mwalimu Mujahid, aliyewaozesha, aliwaeleza jambo lenyewe lilivyo. Kama Zaki hakutamka talaka, Nisreen ni mke wake na arudi nyumbani kwake. Kama alitamka, basi talaka moja imepita, eda inahesabika tangu siku ile, na mume ana nafasi ya kumrejea kabla eda haijaisha. Lakini hawezi kumrejea mke anayedai hakumwacha. Nisreen akirudi kwa uongo, miezi ikapita, atakuwa anaishi na mwanamume ambaye si mumewe. Na kwa kuwa hapakuwa na shahidi, mwalimu alisema, Zaki ataapa. Jumapili, baada ya Adhuhuri, nyumbani kwa Mabruka.

Ni ile mvua iliyoanguka Alhamisi, pale dukani, iliyomkumbusha mashine, akampigia Zaki.

Zaki alikuwa na kinasa sauti cha minidiski, kitu ambacho vijana wa sasa hawakijui. Ni kimashine cha kutosha kiganjani, na diski zake zimefungwa ndani ya vibweta vya plastiki, hata biskuti ni kubwa zaidi. Alikinunua mitumba kwa fundi mmoja wa Ngara zamani kabla hawajaoana, na kila diski aliyoipata aliitunza kama dhahabu. Watu walimcheka. Simu inacheza kila kitu, walimwambia, na yeye anahangaika na betri. Zaki alikuwa anatabasamu tu. Alipenda ule mlio mdogo diski inapoingia na kuanza kuzunguka, kama paka anayejikuna. Alipenda kukata alichorekodi vipande vipande, kukipanga upya, kisha kukipa jina herufi moja moja kwa kuzungusha kitufe, kazi ya robo saa kwa neno moja. Alirekodi taarabu kutoka redioni, adhana za misikiti minne zikipokezana, wauza mboga wa Ngara, na mvua. Mvua aliipenda kuliko vyote.

Siku za uchumba walitembea kutoka Mtaa wa Biashara mpaka Ngara wakigawana hedifoni, upande mmoja kwake, mwingine kwa Zaki, na ilibidi watembee mwendo mmoja la sivyo waya unachomoka. Nisreen alijifunza vitufe vyote. Diski moja aliipa jina yeye mwenyewe, akakosea herufi, na Zaki akakataa kuisahihisha.

Alhamisi jioni ujumbe ukaingia kutoka kwa Madam Hannah: “Nisreen, Karen tunafungua Jumatatu. Nipe jibu weekend hii. Kama huendi niambie mapema nitafute mtu.”

Hakujibu. Alikuwa anawaza jambo moja tu: kwamba Ijumaa Zaki haendi na mashine yake msikitini. Huiacha nyumbani.

Ijumaa saa saba mchana, wanaume wakiwa kwenye swala, Nisreen alimwomba Madam Hannah ruhusa ya saa moja, akaenda nyumbani kwao hapo hapo Ngara, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, akafungua mlango kwa ufunguo wake. Nyumba ilikuwa safi kuliko alivyotarajia. Kikombe kimoja kwenye sinki. Mashine ilikuwa juu ya friji, diski imo ndani, na betri ilikuwa imejaa.

Alivaa hedifoni akiwa amesimama. Jina likapita kwenye kioo: MVUA NGARA JUMAPILI.

Mwanzoni ilikuwa mvua peke yake, nzuri mno, mpaka mtu akajihisi amesimama chini yake. Kisha mlango. Kisha sauti yake mwenyewe ikimuuliza Zaki maneno yale ni ya nani. Alishangaa jinsi sauti yake ilivyokuwa kali. Akasikia glasi ikiwekwa mezani kwa nguvu. Akajisikia akisema, “Basi kamuoe mama yako,” neno ambalo alikuwa amelisahau kabisa, na uso ukamwaka pale aliposimama. Halafu Zaki.

“Nimekuacha, Nisreen.”

Wala hakupiga kelele. Alilitamka wazi, silabi kwa silabi.

Nisreen alikaa sakafuni. Alidhani angelia, lakini hakulia. Kilichomjia kwanza kilikuwa kama nafuu: masikio yake yalikuwa mazima. Mlango ukafungwa kwenye diski. Mvua ikaendelea, dakika nyingi, na alikuwa karibu kuizima aliposikia Zaki akiongea tena, peke yake, karibu na dirisha.

“Mama, nimesema… Ndiyo, nimelitamka… Hapana, hakukuwa na mtu, tulikuwa wawili tu… Mama, lakini amesikia… Mvua? Ndiyo, kubwa… Sawa. Sawa, Mama. Nitasema hivyo.”

Nisreen akabonyeza kitufe cha kuzima. Hakuweza kusikiliza zaidi ya hapo. Aliirudisha mashine juu ya friji vile vile ilivyokuwa, akafunga mlango, na alikuwa tayari barabarani, katikati ya wauza viatu, alipokumbuka: mashine ile ukiizima, ukiiwasha tena huanzia pale ulipoiachia.

Hakurudi. Angeweza kuirudisha mwanzo, Zaki asijue, hakurudi.

Hakumwambia Mabruka. Hakumwambia mtu. Jumamosi nzima alifua nguo zilizo safi, akapanga upya makopo ya dada yake, akaenda sokoni mara tatu kununua vitu ambavyo angenunua mara moja. Zaki aliandika: “Nisreen, kesho tuyamalize, urudi nyumbani.” Alijibu: “Kesho.”

Jumapili walikaa sebuleni kwa Mabruka. Mwalimu Mujahid kwenye kiti cha karibu na mlango, Mbarak, mume wa Mabruka, kando yake. Bi Shahida alikuja na shungi jipya na kasha la halua. Msahafu ulikuwa mezani, umefungwa kwa kitambaa cheupe. Nisreen alikuwa ameamua kwamba Zaki akiunyooshea mkono atamzuia, aseme yote aliyoyasikia. Hangemwacha aape uongo. Lakini alitaka kwanza auone ule mkono.

Mwalimu alieleza uzito wa kiapo bila kupandisha sauti, akamuuliza Zaki kama ametawadha. Zaki akasema ndiyo.

“Apa, mwanangu, twende nyumbani,” Bi Shahida alisema.

Zaki aliutazama msahafu. Aliweka mikono yote miwili magotini.

“Siwezi, Mama.”

“Huwezi nini?”

“Nilisema. Nilisema nimekuacha. Nisreen alisikia sawasawa tangu mwanzo, na mimi nimemwambia wiki mbili nzima kwamba hana masikio.” Alimgeukia mwalimu. “Nilidanganya. Ni mimi.”

Hakuitaja simu. Alilibeba kosa lote peke yake. Bi Shahida alirekebisha shungi lake, akasema kwa sauti ndogo kwamba mvua ilikuwa kubwa.

Mwalimu Mujahid akasema basi talaka moja imepita, na eda bado haijaisha. Mume akitaka kumrejea mkewe, mlango uko wazi. Zaki akafungua mdomo.

“Ngoja,” Nisreen alisema. “Mwalimu, nikuombe ruhusa. Nina neno naye hapo nje, mlango wazi.”

Walisimama kwenye veranda inayotazama soko la Kangemi. Chini, wanawake walikuwa wanafunika nyanya kwa maturubai kwa sababu mawingu yalikuwa yanakusanyika.

“Ijumaa nilikuja nyumbani,” alisema.

“Najua. Jana niliiwasha ikaanzia pale kwenye simu. Nikajua ni wewe.”

Nisreen alijishika kwenye reli. Hicho ndicho alichokuwa akikiogopa tangu Ijumaa: kwamba Zaki atasema kweli kwa sababu tu amejua.

“Kwa nini hukuifuta? Ni kubonyeza mara mbili tu.”

“Nilijaribu. Mashine inakuuliza kwanza kama kweli unataka kufuta. Kila siku inaniuliza, kila siku naizima.” Alikuwa anatazama chini. “Niliogopa nikiifuta nitaanza kuuamini uongo wangu. Nilikuwa naisikiliza nikienda kazini, nikirudi naisikiliza. Sikupata raha ya kitu kingine.”

“Na mimi nilikuwa najifungia bafuni natamka maneno kama mwendawazimu. Ulijua hilo?”

“Mabruka aliniambia.”

“Na ukanyamaza.”

“Nikanyamaza.”

Nisreen akauliza swali moja lililobaki, na aliliuliza polepole, maana alijua angeishi na jibu lake.

“Kama nisingekuja Ijumaa, Zaki, ungeapa leo?”

Zaki angeweza kusema hapana. Ilikuwa neno rahisi, na hapakuwa na diski ya kumsuta.

“Sijui,” alisema. “Nimejiuliza tangu jana. Sijui, Nisreen.”

Alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Alikuwa amekonda, ndevu hazijachongwa. Jibu lile lilimuuma, lakini alijua kwamba mtu huyu hakuwa akimficha tena kitu.

“Nilichokisema juu ya mama yako hakikuwa neno la kusema,” alisema. “Nililisikia, nikaona haya.”

“Sawa.”

“Kesho naanza kazi Karen. Si ombi.”

“Nenda. Tangu Jumatano ile nilitaka uende.”

“Na jambo la nyumba yetu likitokea, tunalimaliza sisi kwanza, kabla hujapiga simu kwa mtu yeyote. Mtu yeyote, Zaki.”

“Nimekubali.”

Nisreen alitoa simu, akamwandikia Madam Hannah: “Nitakuwa Karen kesho saa mbili.” Alimwonyesha Zaki kabla ya kutuma, kisha akatuma. Matone ya kwanza yalianza kugonga mabati ya soko, wakaingia ndani.

Hawakukaa. Zaki alisimama mbele ya mwalimu na Mbarak, akajikohoza, akasema kwamba amemrejea mke wake Nisreen. Alilisema chini chini, na mvua ilikuwa inazidi.

Mwalimu akaitikia kwa kichwa kwamba yametimia. Mbarak alikuwa anainuka tayari.

“Sema tena,” Nisreen alisema. “Kwa sauti. Mama hajasikia.”