Simu ya Kwanza ya Mnara

Kila siku akirudi kutoka shuleni, Antena alikuwa na kazi tatu kabla ya kugusa kitu kingine: kufua soksi, kuokota vipande vya nyuzi chini ya cherehani ya bibi yake, na kuifuta vumbi tableti iliyokaa juu ya kabati. Hii ya tatu hakutumwa na mtu. Aliifanya polepole, kwa kitambaa laini, kwa sababu ndani ya kioo kile ndimo alimomwona baba.

Jina la Antena alipewa na baba yake huyo huyo, kwa tabia yake ya kunasa mazungumzo ya wakubwa hata akiwa chumba cha pili. Baba alikuwa fundi wa minara ya simu. Yeye na wenzake walipelekwa mahali ambako simu hazishiki, wakajenga mnara mpaka zikashika, kisha wakahamishiwa mahali pengine ambako hazishiki.

"Mwanangu anawagawia watu mtandao, mwenyewe hana hata wa kulamba," bibi alipenda kusema, na wateja aliokuwa akiwapima nguo walicheka mpaka vipimo vikaharibika.

Antena naye alicheka, lakini moyoni hapakuwa na cha kuchekesha. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga. Kwa sehemu kubwa ya mwaka alibaki na bibi tu, na baba akawa mtu wa kusubiriwa. Kuna siku alifungua sanduku la nguo za baba, akanusa kola ya shati, akalifunga tena haraka bibi asimwone.

Hata hivyo, baba alikuwa na desturi yake. Mnara ulipowashwa kwa mara ya kwanza, wenzake walimwachia yeye aujaribu, na simu ya kwanza kabisa kupita pale ilikuwa ya nyumbani. "Haloo, Antena! Mnara umesimama!" Zamani sauti hiyo ilikuja kwenye kitochi cha bibi, simu ya vitufe iliyofungwa kwa lastiki ili betri isidondoke. Likizo iliyopita baba akaleta tableti ya Android.

"Sasa tutaonana uso kwa uso," alisema. "Na masomo utasomea humo. Ila uijue vizuri, mama. Ina nguvu zake na ina udhaifu wake."

Nguvu zake Antena alizijua upesi. Skrini ilikuwa pana, maandishi yalisomeka bila kukunja uso. Kwenye somo la sayansi, moyo wa binadamu ulidunda mle ndani, damu ikaonekana inavyoingia na kutoka. Neno gumu lilitafutwa kwenye kamusi kwa kugusa tu. Hata bibi, aliyeanza kwa kuiita sinia, sasa alipigia picha magauni ya wateja. Udhaifu wake ndio Antena hakutaka kuusikia. Betri iliisha upesi, na kuijaza kulichukua muda mrefu. Nafasi ya kuhifadhia vitu nayo ilikuwa finyu.

Wiki hiyo baba alituma salamu kwa dereva wa lori la vyuma: mnara ungewashwa Jumamosi, nao ulikuwa wa mwisho kabla ya likizo yake. Antena alizipokea salamu zile kwa kuruka juu, akagonga kichwa kwenye rafu ya vitambaa.

Ijumaa jioni akaja rafiki yake wa nyumba ya pili, msichana aliyeitwa Mapengo kwa sababu ya meno ya mbele.

"Kuna mchezo wa magari, wewe! Tuuweke, tujaribu kidogo tu," alisema Mapengo.

"Inaandika nafasi haitoshi."

"Si ufute vitu vya zamani?"

Antena akafuta masomo ya sayansi, moyo ule na damu yake yote. Wakacheza mpaka Mapengo akaitwa kwao kwa sauti ya kugomba. Jumamosi asubuhi, bibi alipokwenda kununua zipu, wakaendelea. Alama ya betri ikawa nyekundu. Antena aliiona, akajiambia amalize mzunguko mmoja, na baada ya huo mwingine.

Bibi aliporudi, Mapengo alikwishaondoka.

"Umeichaji hiyo? Baba yako atapiga leo."

"Nimeichaji, bibi. Imejaa kabisa."

Hakukusudia ubaya. Alipanga kuichomeka mara bibi atakapogeuka, na ndivyo alivyofanya. Hakuwa amemaliza hata kuunyoosha waya, umeme ukakatika. Redio ya jirani ikanyamaza. Tableti ikaonyesha duara dogo, kioo kikawa cheusi. Antena alibonyeza kitufe, akabonyeza tena, akabonyeza huku akiomba. Haikuwaka.

Mara kitochi kikalia kwenye mfuko wa bibi. Bibi alikuwa na sindano mdomoni, akampa mjukuu apokee.

"Haloo, Antena! Mnara umesimama!" Sauti ya baba ilikuwa imejaa furaha. "Nimepiga kwenye tableti wee, haipatikani. Kuna nini? Nimenyoa nusu ya ndevu nikuchekeshe!"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Tableti ina nini?"

"Imeharibika. Imezima yenyewe tu. Ni mbovu, baba."

Upande wa pili upepo ulisikika ukivuma kwenye vyuma.

"Basi si neno," baba akasema, na ile furaha haikuwepo tena. "Msimamizi wetu alikuwa anatafuta fundi wa mnara mmoja zaidi, nyuma ya milima. Nilimkatalia kwa sababu ya likizo. Sasa nitamkubalia, nipate fedha. Nikija, nije na tableti nyingine. Sipendi ukae hunioni."

"Na likizo?"

"Itasogea, mama. Mpaka mnara ule uishe." Simu ikakatika.

Antena alibaki na kitochi sikioni ingawa hakikusema kitu. Alikuwa amedanganya ili mambo yaishe, na sasa uongo wake ulikuwa unampandisha baba milima. Machozi yakamtoka bila sauti. Alimtaka baba arudi kuliko alivyotaka kitu chochote, na yeye mwenyewe ndiye aliyemfungia mlango.

Bibi alitoa sindano mdomoni. "Amesemaje?"

Antena akaeleza.

"Imeharibika?" bibi akauliza taratibu. "Si uliniambia imejaa?"

Hapo Antena akashindwa kujikaza. Akasema yote, mchezo wa magari, masomo aliyoyafuta, betri nyekundu, waya uliochomekwa kwa kuchelewa. Akangoja kugombezwa. Bibi hakugomba.

"Mimi umeniambia, vizuri," alisema. "Lakini si mimi ninayekwenda milimani. Piga."

Antena akabonyeza vile vitufe vilivyofutika namba. Sauti ya mwanamke ikamwambia mtu aliyempigia hapatikani. Akapiga tena, mwanamke yule yule. Huko mafundi walikuwa wanauzima mnara na kuuwasha, wakiupima. Antena alizunguka cherehani, akapiga, akazunguka tena. Alimwona baba akilini mwake akishikana mikono na msimamizi. Hatimaye simu ikaita.

"Baba, usiende! Usimwambie msimamizi!"

"Kuna nini? Ndiyo kwanza nafunga viatu niende kwake."

"Tableti ni nzima. Niliichezea mpaka chaji ikaisha, na umeme ukakatika. Nilikudanganya, baba. Na bibi nilimdanganya. Sitaki tableti nyingine. Nakutaka wewe uje."

Upepo ukavuma tena kwenye vyuma.

"Umenidanganya kwenye simu ya kwanza ya mnara," baba akasema. "Hilo limeniuma, sikufichi."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Na vizuri umeniwahi." Akakohoa, kikohozi cha mtu asiyetaka kusikika analia. "Kesho asubuhi tunapakia vifaa. Nitapiga kabla hatujapanda lori. Safari hii nikukute, sawa?"

Umeme ulirudi jioni. Antena aliuondoa mchezo wa magari, akaichaji tableti mpaka ikajaa, kisha akaizima ipumzike. Asubuhi Mapengo alichungulia dirishani. "Tucheze?" Antena akatikisa kichwa. "Leo ina mgeni."

Na mgeni akaja, ndani ya kioo. Alikuwa na ndevu upande mmoja tu, pua imebabuka kwa jua, na nyuma yake mnara umesimama kwenye anga tupu. Bibi akasogeza kiti mpaka akakaribia kuangusha cherehani. Walicheka sana kwa zile ndevu. Antena akaugusa uso wa baba kwenye kioo, akakuta pale ni baridi.

Baba alipokwisha kuaga, Antena hakusogea.

"Namwona vizuri kabisa, bibi. Lakini ndiyo kwanza nimemkumbuka zaidi."

"Hapo hata mimi sina dawa," bibi akasema, akimvuta ubavuni. Kisha akachukua kikopo cha mafuta, akadondoshea kwenye matundu ya cherehani kama afanyavyo kila siku. "Unaiona hii? Inashona hata turubai. Ukiinyima mafuta, inakata uzi. Sasa nikisahau kuitia mafuta, gauni la mteja likaharibika, nikamwambia cherehani ni mbovu, nani mwenye kosa?"

"Wewe, bibi."

"Kila chombo kina kinachokiweza na kinachokishinda. Kosa la chombo hurekebishwa na fundi. Kosa lako utalirekebisha wewe, kwa kulisema mapema, kama ulivyofanya jana. Ungechelewa kidogo tu, ungemkosa baba yako."

Jioni ile Antena alitafuta upya masomo ya sayansi, moja baada ya jingine, mpaka moyo ule ukarudi, unadunda.

Baba alifika siku ambayo hakuna aliyemtarajia. Hakupiga simu, alibisha hodi tu. Antena alitoka mbio na soksi moja mkononi inachuruzika povu, akamrukia, na shati lilikuwa na harufu ile ile ya sandukuni. Juu ya kabati, tableti ilikuwa imejaa chaji, na siku hiyo hakuna aliyekumbuka kuiwasha.