Gauni la Mtumbwi

Gauni lilikuwa na jasho makwapani.

Fundi cherehani aliligeuza ndani nje, akalinusa, akaliweka juu ya meza na kulitazama kama unavyomtazama mtu aliyeingia kwako bila hodi. Hakuna aliyewahi kulivaa gauni lile. Lilikuwa la mtumbwi.

Msicheke, tuanze lilipoanzia. Mume wa fundi alikuwa daktari wa meno, mpole kama maji ya mtungini. Kutwa anashinda na watu waliofumbua vinywa wasioweza kumjibu, na labda ndiyo maana nyumbani alikwishasahau kwamba mazungumzo ni ya wawili. Mwaka ule akanunua mtumbwi wa faiba wa kutembelea ziwani, mwembamba, wa viti viwili, mwepesi kiasi cha kuubeba begani peke yake kama mkeka. Kila alfajiri aliupeleka ziwani, hatua mia mbili kutoka mlangoni, akapiga kafi saa nzima, kisha akarudi kuupangusa kwa kitambaa laini, ubavu huu, ubavu ule, polepole. Fundi alikuwa akimwona dirishani. Miaka kumi na moja ya ndoa, naye hakukumbuka ni lini mtu alimpangusa hata jasho la uso.

Daktari alimwalika mara mbili akakae kiti cha mbele. Mara zote mbili alijibiwa kwamba fundi hakuolewa ili akae uke wenza na plastiki.

Wivu hauna macho, una mikono tu, na mikono haikosi kazi. Daktari alipomwomba amshonee mtumbwi kifuniko, maana faiba haipendi jua, mwanamke alishona gauni. Gauni kamili: kola, mikono mirefu, kiuno cha kubana, marinda chini. Akauvisha mtumbwi uani mbele ya majirani.

"Haya, mke mwenzangu, karibu," alisema. "Vaa upendeze. Mume ni wetu."

Majirani walicheka hadi mmoja akakaa chini. Daktari naye akatabasamu, akasema limeshonwa vizuri, na hilo ndilo lililomuuma fundi kuliko yote.

Sasa jasho. Alilifua gauni, kesho yake likalowa tena. Halafu viwikoni pakaja mikunjo, ile ya nguo iliyovaliwa na mkono unaokunjwa na kukunjuliwa. Fundi anayejua kazi yake huusoma mwili wa mtu katika nguo yake, na huyu alikuwa na mabega mapana, tena alikaa sana kuliko kusimama. Nguo ikanuka tope la chini kabisa ya ziwa, lile lisilojua jua.

Daktari naye alikuwa anakonda. Usiku mmoja, kwenye chakula, alisema kwa sauti ya chini, bila kuinua macho, kwamba mtumbwi umekuwa mzito.

"Mtu akiwa peke yake, akikaa nyuma, pua ya mtumbwi huinuka," alieleza. "Ndiyo maana huwa naweka dumu la maji mbele. Wiki hii dumu nimeliacha nyumbani."

"Ukainuka?"

"Umelala sawa, mke wangu. Sawasawa kabisa."

Kulipokucha fundi alimfuata. Akajibanza nyuma ya mabanda ya kuhifadhia vyombo vya majini, akaona mtumbwi umetulia juu ya maji kama bakuli mezani, mumewe nyuma, kiti cha mbele kitupu, na kwanza ulimjia wivu, wa kizamani kabisa, wa kutaka kujua ni nani, halafu ndipo akaona kwamba kafi la mumewe linaingia majini upande wa kushoto na upande wa kulia yanafunguka mawimbi madogo, moja baada ya jingine, kwa mpigo uleule, mahali ambapo hapakuwa na kafi wala mkono, na hofu ikampanda kutoka nyayoni hadi kwenye nywele.

Alikwenda kwa mganga wa mtaa wa nyuma, mwanamke mnene aliyekuwa akiuza vipuri vya baiskeli. Mganga alimsikiliza huku akiziba tairi.

"Umemkaribisha kwa mdomo na kumvika kwa mkono, halafu unataka nimfukuze mimi?" alisema. "Mwanangu, kakae kiti cha mbele, mumeo nyuma. Fumua ile nguo mshono mmoja mmoja, hukohuko majini, hadi wa mwisho. Usigeuke. Usipomaliza, iko siku mtumbwi utarudi peke yake."

Asubuhi hiyohiyo wakaenda. Fundi alikaa mbele, gauni mapajani, wembe mkononi. Daktari aliusukuma mtumbwi kutoka ufukweni. Nyuma pakazama kidogo, mtu amekaa, kafi likaanza. Fundi akafumua kola. Akafumua mikono.

"Mikono yako haitetemeki," sauti ya mumewe ilisema nyuma yake.

"Leo ndiyo umeiona?"

"Naiona kila siku. Unavyolowesha uzi kwa ulimi kabla ya kuutunga. Unavyoimba ukidhani nyumba ni tupu."

Fundi alihisi uso unamwaka moto kama mwali. Akafumua kiuno, akicheka kidogo kidogo, na mtumbwi ukageuka taratibu hadi ufukwe ukawa mbele yake. Akainua macho, na pale, mbali, mumewe alikuwa ndani ya maji hadi kifuani, peke yake, kinywa wazi, akipiga kelele ambazo upepo haukuzileta, akimjia mkewe ingawa mwenyewe hakujua kuogelea, na nyuma ya fundi kafi halikusita hata mara moja.

Hakugeuka.

"Sikumtaka yeye," sauti ilinong'ona. "Nilikuwa namchosha, apotee, niachiwe wewe. Tangu niwepo, hakuna aliyenishonea kitu ila wewe."

Ulibaki mshono mmoja wa marinda. Fundi alimtazama yule mpole akimeza maji kwa ajili yake. Akaukata. Nyuma pakainuka, mtumbwi ukawa mwepesi kama jani, naye akaokota kafi na kwenda kumpakia mumewe.

Walilia wote wawili siku ile. Mganga akaletewa kuku. Na baada ya wiki tatu daktari alikuwa tena uani, kitambaa mkononi, ubavu huu, ubavu ule.

Fundi alimtazama dirishani kwa muda. Kisha akafunga pazia, akafunga mlango kwa ufunguo, akateremsha kitambaa kipya na kuivuta futi shingoni mwake.

"Nyoosha mkono nikupime," alisema polepole.

Futi ikakaza hewani.

Uani kitambaa kikanyamaza. Nyayo zikaja, zikasimama nje ya mlango.

"Mke wangu? Unaongea na nani?" Sauti ya daktari ilikuwa na ukali ambao fundi hakuwahi kuusikia miaka yote kumi na moja.

"Na mteja," alijibu, akaandika kipimo cha mabega.