Mjapani Arudi Vitani

"Sato, Sato, hapa Furu. Mtu wako ametoka mbio. Unamwona?"

"Namwona mgongo."

"Namtaka mzima."

Kija alizima redio ya Motorola, akaisukuma ndani ya kanga aliyojifunga kiunoni, akaanza kukimbia.

Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi, Julai 1995, na soko la samaki la Mwaloni si mahali pa kufukuzana. Chini ni magamba, utumbo na maji ya barafu. Aliyekuwa anakimbia alivaa viatu vya ngozi vya Kitaliano. Kija alikuwa peku.

Matokeo yalijulikana mapema.

Shimba, wakala wa forodha mwenye kitambi cha kujitakia, aliteleza kwenye kona ya wauza chumvi, akaruka bila kupenda, na kutua kifudifudi juu ya rundo la mapanki. Hayo ndiyo mabaki ya sangara: kichwa na mifupa. Minofu ilikuwa inapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tuliovua tulikuwa tunakaanga mifupa na kuiita maendeleo.

Kija alimkalia mgongoni. Mdomo wa Makarov ukagusa nyuma ya sikio lake.

"Mjapani anaondoka gatini lini?"

"Kesho."

Mdomo wa bastola ulisogea kidogo.

"Leo. Saa tano."

"Kabeba nini?"

"Mashine ya barafu, dada."

"Shimba, hii ndiyo mara ya mwisho nakuuliza kwa lugha nzuri."

"Roketi. Mtambo wa midomo kumi na miwili. Ulikuja kwa ndege ndani ya makasha ya mashine ya barafu. Mimi nilisaini karatasi tu."

"Unakwenda kupiga wapi?"

Shimba alikuwa analia sasa, kamasi zikichanganyika na magamba. "Bandari ya jirani zetu. Kesho alfajiri, siku ya gulio. Wanapandisha bendera yetu kwanza, halafu wanapiga."

Kija aliishusha bastola. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Bendera yetu, roketi, watu wa gulioni. Jioni ya kesho majibu yangeanza kuangukia Mwanza, na wenye biashara ya silaha wangeuzia pande zote mbili. Alimfunga Shimba mikono kwa kamba ya nyavu, akawaachia akina mama wa sokoni wamlinde. Wale akina mama hawakuwa wapole.

Walikuwa na sababu. Kwa miezi minane Kija alikuwa mmoja wao, mnunuzi wa rijekti, yaani samaki waliokataliwa kiwandani. Kila chombo kinachokusanya sangara visiwani hurudi na rijekti. Barafu huyeyuka, samaki wa chini hulainika, kiwanda huwakataa, na akina mama huwanunua kwa bei ya kutupa na kuwabanika. Ndivyo watoto wa Kirumba walivyosoma. Mjapani alikuwa amekwenda visiwani safari nne na kurudi bila rijekti hata moja. Akina mama walikasirika, wakasema mzungu mwenye meli ana roho mbaya. Kija aliwaandikia ripoti wakubwa wake wa Usalama. Chombo kisichoharibu samaki hakikubeba samaki.

Mjapani mwenyewe alikuwa na historia. Aliundwa Japani kwa jina la Tairyo Maru, akaja vipande vipande kwa treni mwaka 1974, zawadi kwa ajili ya utafiti wa samaki. Vita vya Kagera vilipoanza, watafiti walishushwa na jeshi likapanda. Mafundi wa Mwanza walimchomelea bamba nene mbele la kubebea mzinga, wakazungushia chuma chumba cha nahodha, na meli ya kupima samaki ikawa meli ya vita. Usiku na mchana alipeleka askari na risasi bandari ya Kemondo, akarudi na majeruhi. Askari walimpenda kama mtu. Hawakuwahi kumwita kwa jina jingine zaidi ya Mjapani.

Halafu likaja soko huria. Kila kitu kikawa na bei: benki, ginneri za pamba, hata meli iliyokuwa imebeba majeruhi wetu. Mjapani aliuzwa kama chuma chakavu kwa mwekezaji aliyejiita Kapteni Dekker. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu wa samaki anafurahia bamba la mzinga.

"Furu, hapa Sato. Roketi dazeni. Anaondoka saa tano. Nahitaji watu."

Sauti ya Kashindye, mkuu wake, ilikwaruza redioni. "Boti ya doria iko visiwani, Nansio. Haifiki kabla ya saa saba."

"Polisi wa nchi kavu?"

"Gati la Mjapani ni mali ya mwekezaji. Hati ya kuingia inataka sahihi ya Dar es Salaam. Ninaitafuta."

"Itafute tu."

"Sato, usipande peke yako. Hiyo ni amri."

"Redio inakwaruza, Furu. Sikusikii."

Akaizima.

Saa nne na dakika arobaini, kwa Casio ya mkononi, Kija aliingia majini nyuma ya miamba ya Mwanza Kusini. Makarov ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki wa Rambo uliofungwa fundo mara tatu. Aliogelea chini ya gati, akapanda kwa matairi yaliyoning'inia ubavuni mwa meli. Walinzi wawili walikuwa mbele, wakivuta turubai juu ya kitu chenye midomo mingi. Nyuma kulikuwa na mfuniko wazi na ngazi ya chuma.

Alishuka.

Chumba cha injini kilikuwa kisafi kuliko hospitali nyingi. Shaba iling'aa. Kando ya injini ya Daihatsu alisimama mzee mrefu, mkononi kashika spana ya urefu wa mkono. Alivaa gwanda la jeshi lililofuliwa, likapigwa pasi hadi mikunjo ikasimama, na medali moja kifuani. Kija alimjua kwa picha: Renatus Rweyemamu, fundi mkuu wa Mjapani wakati wa vita, Mhaya wa Kyaka, ambaye nyumba ya baba yake ilichomwa na wavamizi.

"Shikamoo, mzee."

Mzee alitazama matone yake sakafuni.

"Nani kakuruhusu kuingia kwenye injini yangu na maji yako?"

"Mimi ni wa Usalama. Zima hiyo injini, mzee wangu. Meli hii imebeba roketi."

"Najua ilichobeba. Nimefunga nati za huo mtambo mwenyewe." Alimtazama kwa chuki ya wazi. "Mlinipunguza kazi kwa barua ya mistari mitatu. Mjapani mkamuuza kama sufuria bovu. Nilikuja ofisini kwenu mara sita nikiwaambia hii meli ina heshima yake, mkaniambia mzee nenda kalime migomba. Sasa nchi imeniita tena, ndiyo mnajitokeza?"

"Nchi gani imekuita?"

"Kapteni Dekker anafanya kazi na Makao Makuu. Kazi ya siri, doria ya mpakani. Akaniambia ninyi wa ngazi ya chini hamjaambiwa."

"Mzee, anakudanganya. Wanakwenda kuua watu gulioni kwa bendera yetu."

Spana ilishuka kabla hajamaliza. Ilimpata kwenye kifundo cha mkono. Makarov ikaruka, na mzee akaiokota kwa wepesi ambao umri wake haukuutangaza. Mdomo wa bastola ukamtazama Kija usoni.

Juu, kengele iligonga mara mbili. Mzee, bila kuondoa macho kwake, alisukuma mkono wa injini. Sakafu ikatetemeka. Mjapani akaanza kwenda.

"Utasimama hapo hapo," alisema. "Nawaita waje wakuchukue." Aliinamia bomba la shaba la kusemea na chumba cha nahodha.

Mkono ulimuuma Kija hadi machozi, lakini akili ilikuwa kwenye lile gwanda. Aliwakumbuka wale wawili wa mbele. Jinzi na fulana.

"Nani kakuambia uvae sare, mzee?"

"Kapteni. Nilete sare yangu ya vita, yenye jina."

"Wao wamevaa nini?"

Macho ya mzee yalipanda kwenye ngazi.

"Kabla hujanitoa, mwulize wao watavaa saa ngapi. Swali moja tu."

Kisha mzee akasema ndani ya bomba, "Kapteni. Ninyi mtavaa sare saa ngapi?"

Sauti ilirudi kwa Kiswahili cha mtu aliyejifunzia migodini, yenye furaha. "Sisi hapana vaa, mzee. Sare ni ya wewe tu. Wewe ndiyo askari yetu."

"Na wakati wa kupiga, nani atanipokea zamu huku chini?"

"Hapana mtu. Wewe baki chini na injini. Mfuniko mimi nafunga sasa hivi. Usalama yako."

Chuma kiligonga chuma juu ya vichwa vyao. Komeo likapita.

Mzee Rweyemamu aliutazama mfuniko. Mwaka 1979, nje ya Kemondo, mtu mwenye haraka aliufunga mfuniko ule ule wakati moto ulipozuka, na vijana wawili wa injini walikuwa bado chini. Yeye ndiye aliyewatoa kesho yake, kwa mikono yake. Tangu siku ile Mjapani alikuwa na sheria moja iliyozidi zote: mtu akiwa chini, mfuniko haufungwi, hata kama meli inazama. Kila aliyewahi kutumikia humo aliijua. Hata mpishi.

"Huyu si mwanajeshi wetu," alisema taratibu.

"Hapana, mzee."

"Wanataka maiti."

"Maiti yenye sare na jina. Wao wanaondoka na boti. Jirani wakijibu mapigo, atakayeokotwa ni wewe, na wewe ndiwe utakayekuwa ushahidi."

Mzee alijikalisha juu ya sanduku la vifaa. Alilitazama gwanda lake, mikunjo ile ya pasi, na uso wake ukajaa maumivu. Kija aliona aibu kumtazama.

"Mke wangu alilipiga pasi tangu juzi," alisema. "Alifurahi, waitu, jamani."

Kisha akasimama. Akamrudishia Kija bastola bila neno, akapiga magoti kwenye sakafu ya chini, akaishika koki kuu ya maji ya ziwani kwa spana, akaning'inia kwa uzito wake wote.

Koki ikalia. Ziwa likaingia.

Lilipanda haraka, la baridi, hadi vifundoni, hadi magotini.

"Tunatoka vipi, mzee? Pamefungwa."

"Kelele." Alisukuma sanduku la vifaa kando na kufungua nati nne za bamba la ukutani. Nyuma yake palikuwa na tundu la upana wa mabega. "Nililikata mwenyewe baada ya Kemondo. Halimo kwenye ramani yoyote. Mzungu alinunua ramani."

Walitambaa chini ya sitaha, katika giza lenye harufu ya grisi, mzee mbele, Kija nyuma. Bamba la pili lilifunguka hatua mbili kutoka kwenye mtambo wa roketi. Jua lilikuwa kali. Jiwe la Bismarck, lile la majini Mwanza, lilikuwa upande wa kulia, karibu, na Mjapani alikuwa ameanza kuzama kwa nyuma.

Walinzi walikuwa wameshaelewa. Walikuwa wanakimbilia boti iliyofungwa ubavuni.

Kija alipiga magoti. Risasi mbili, zote kwenye injini ya Yamaha. Moshi ukapanda, na walinzi wakabaki wameshika kamba ya boti isiyokwenda popote.

Dekker alitoka chumba cha nahodha na Browning mkononi, shingo nyekundu kama nyanya. Hakumwona Kija kando ya mtambo. Alimwona mzee.

"Rudi chini!"

"Shuka melini kwangu," alisema mzee Rweyemamu, akamwendea.

Alikwenda wima, katikati ya sitaha inayolala, na Browning ikimlenga kwenye medali. Kija alifyatua mara moja. Bega la Dekker likageuka, bastola ikaanguka, na mwekezaji akateleza kwa makalio hadi majini.

Dakika kumi na moja baadaye Mjapani alizama. Hakupinduka. Alikwenda chini akiwa amekaa sawa, na kilichobaki juu ni mlingoti na kipande cha bendera ya kampuni.

Polisi wa nchi kavu walifika upesi sana. Ziwani si mali ya mwekezaji, kwa hiyo hakuna aliyeomba hati. Walimvuta Dekker kwenye boti ya mpira huku akitetemeka.

"Mimi nina kibali!" alifoka. "Kibali cha uwekezaji!"

"Kiko wapi?" Kija aliuliza.

Dekker aliangalia maji.

Kwenye mawe ya ufukwe wa Kapripoint watu walikuwa wamejaa kushangaa. Mzee Rweyemamu alipanda nchi kavu peke yake. Kija alimpa mkono, naye akaukataa.

"Usidhani tumepatana," alisema. "Ninyi ndio mliomuuza."

"Najua, mzee."

"Mimi nimemzamisha. Miaka ishirini na moja nimemwosha kama mtoto, leo nimemzamisha." Akageuka na kuanza kupanda barabara ya mjini, gwanda likichuruzika maji, watu wakimpisha bila kujua kwa nini.

Motorola ya polisi ilikwaruza mkononi mwa Kija.

"Sato, ripoti."

"Mjapani yuko chini. Roketi ziko naye."

"Waliokuwemo?"

"Watatu. Ninao wote."

"Na yule fundi, Rweyemamu? Dar wanamtaka kuliko mzungu. Wanasema lazima apatikane msaliti wa kwetu."

Kija aliinua macho. Mzee alikuwa amefika kwenye kona, anakwenda polepole, mgongo umenyooka.

"Chumba cha injini kilikuwa kitupu, Furu."

"Kitupu? Sato, hiyo injini ilijiendesha?"

"Ndivyo nitakavyoandika."

Alimrudishia askari redio yake, akakamua maji kwenye kanga, akashika njia ya Mwaloni kumchukua Shimba. Mzee alikuwa ameshapinda kona kwenda kwa mke wake.