Vipande Vinne kutoka Butiama

Saa kumi na dakika ishirini alasiri, Jumanne tarehe 12 Machi 1991, mtambo wa redio uliokuwa Nyasho, Musoma, ulituma neno NIMEPOKEA kwenda Butiama. Chumbani hamkuwa na mtu.

Mtambo ulikuwa wa mjomba wangu Clementi, fundi redio mwenye leseni ya kurusha mawimbi kwa ridhaa. Simu za Butiama zilikuwa zimekufa siku nyingi, na kwenye masafa mafupi sauti ilimezwa na mikwaruzo. Clementi alipata kompyuta mbili za mitumba, akabuni utaratibu wake wa kutuma maandishi. Ujumbe ulikatwa vipande. Kila kipande kilibeba namba yake na jumla ya herufi zake zilizogeuzwa tarakimu. Mtambo wa upande wa pili ulipiga hesabu upya. Jumla zikilingana, ulijibu NIMEPOKEA. Zisipolingana, RUDIA.

"Kelele haiwezi kubahatisha hesabu hii," alikuwa akituambia.

Mtambo wa pili, uliotumia betri ya gari, ulikuwa Butiama kwa shemeji yake Stanislausi, mume wa mama yangu mdogo Marieta. Marieta alikuwa mjamzito. Pikapu ya Clementi ndiyo ingemleta hospitali Musoma.

"Shemeji, nikiandika tu, unakuja?" Stanislausi aliuliza siku ya kufunga antena.

"Ukiona NIMEPOKEA, jua nishawasha gari."

"Na kama umelala?" Marieta alidakia. "Kaka, wewe ukilalaga hata ng'ombe akupande hushtuki."

Walicheka wote.

Tarehe 12 Machi, Clementi alikwenda Manyamanyama, Bunda, kutafuta karatasi za printa. Musoma hazikuwepo. Aliacha mtambo ukiwaka. Vipande vinne viliingia kutoka Butiama, hesabu ikalingana, kompyuta ikavitunza kwenye kumbukumbu yake na kujibu. Dakika chache baadaye umeme ulikatika. Kumbukumbu ikafutika. Clementi aliporudi jioni alikuta kioo cha kompyuta cheusi, akala, akalala.

Kule Butiama majirani walikuwa wameleta baiskeli yenye machela. Stanislausi aliwarudisha. Alikuwa na jibu kwenye kioo. Alingojea gari hadi alfajiri. Marieta alikufa na mtoto tumboni.

Siku ya maziko Stanislausi alishuka kaburini mwenyewe na kuuweka mtambo wake juu ya jeneza, bila betri. Waombolezaji wote waliona.

"Chombo chako kilisema umepokea, shemeji," alimwambia Clementi.

Baada ya wiki Stanislausi alihamia Murangi kwa wavuvi. Hakugusa redio tena.

Clementi aliuandika utaratibu upya. Kupokea si kusoma, alimwambia mkewe Jenoveva. Kosa lilikuwa lake. Sasa mtambo haukujibu mpaka mtu aandike jina lake. Jibu lilikuwa IMESOMWA NA, kisha jina. Bila jibu hilo, mtumaji angerudia bila kikomo. Alimaliza kazi hiyo Aprili. Hakumpa mtu yeyote nakala.

Jumanne tarehe 23 Aprili, alasiri, alikuwa akinywa chai chumbani na jirani yake Omari, fundi cherehani. Saa kumi na dakika ishirini spika ilianza kulia filimbi.

"Mke mdogo huyo anakuita," Omari alitania. "Jenoveva akisikia, chai utajipikia."

Clementi hakucheka. Alikuwa akiangalia printa.

MARIETA ANATOKA DAMU.

LETA GARI.

BAISKELI IPO, HATAFIKA NAYO.

TUNAKUNGOJA.

Vipande vinne. Jumla zililingana. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyasoma maneno yale.

Ujumbe ulijirudia. Kisha tena.

"Zima," Omari alinong'ona.

Clementi alichomoa waya wa antena. Vipande viliendelea kuingia. Cha kwanza. Cha pili. Hesabu ikalingana.

Akaketi. Akaandika: CLEMENTI.

Filimbi ikakatika.

Akaandika mstari mwingine, GARI LINAKUJA, akautuma. Waya wa antena ulikuwa bado sakafuni. Mtambo ukaanza kurudia ujumbe, ukingoja jibu. Akatoa godoro kitandani na kulitandika nyuma ya pikapu.

"Ndugu yangu," Omari alisema, "dada yako ni marehemu."

"Najua."

"Sasa unamfuata nani?"

"Nilisema nikipokea nitawasha gari."

Aliondoka saa kumi na moja. Omari alibaki na Jenoveva. Walikaa wakiutazama mtambo ukirudia. GARI LINAKUJA. GARI LINAKUJA. Saa kumi na mbili jioni umeme wa Nyasho ulikatika na kila kitu kikazimika.

Asubuhi pikapu ilionekana Butiama, kando ya kaburi la Marieta. Petroli ilikuwa imekwisha. Ufunguo ulikuwa mahali pake. Mlango wa nyuma ulikuwa umefunguliwa. Godoro halikuwepo. Clementi hakuwepo.

Kaburi lilikaguliwa. Udongo haukuwa umeguswa.

Walimtafuta siku mbili, kuanzia makaburini hadi barabara ya Bunda. Nilikuwa mmoja wao. Stanislausi alikuja kutoka Murangi, akatembea nasi. Siku zote hizo Nyasho haikuwa na umeme.

Yaliyofuata nimeelezwa na Jenoveva na Omari, kila mmoja peke yake, na maelezo yao hayakutofautiana. Karatasi ninayo.

Ijumaa tarehe 26 Aprili, saa kumi na dakika ishirini alasiri, umeme ukiwa haujarudi na waya wa antena ukiwa sakafuni, printa ilichapa mstari mmoja:

IMESOMWA NA: MARIETA, CLEMENTI.